Kijana Ajue Kupika Kabla ya Kuondoka Nyumbani

Mwezi huu tuzungumze juu ya jiko letu na watoto wetu wakubwa. Katika familia nyingi za Shinyanga na Geita, binti hufundishwa kupika tangu mdogo, lakini mvulana huambiwa kuwa jikoni si mahali pake. Kisha siku moja anakwenda machimboni, Mwakitolyo au Nyarugusu. Huko hushinda kwa chai na maandazi, hata akiwa na unga ndani, kwa sababu hajui kupika. Kazi ya kuchimba ni nzito. Mwili usiolishwa vizuri hauiwezi.

Tumfundishe kwa vyakula tulivyo navyo:

1. Ugali wa mahindi, mtama au udaga. Muhogo mchungu una sumu. Ajue kwamba ni lazima umenywe, ulowekwe siku kadhaa, kisha ukaushwe vizuri kabla ya kusagwa.

2. Dagaa wa Ziwa Victoria. Awachambue na kuwaosha mchanga. Huliwa wazima na mifupa yao, hivyo hujenga mwili na kuimarisha mifupa.

3. Mchicha, majani ya kunde au ya maboga. Yaoshwe kabla ya kukatwa, wala yasipikwe muda mrefu. Chungwa au embe pamoja na chakula husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika mboga. Chai hupunguza faida hiyo. Wasichana waliokwisha vunja ungo wanayahitaji sana madini haya, kwani hupoteza damu kila mwezi.

Tena, tunaoishi karibu na machimbo tuwe waangalifu. Sufuria au kikaango cha nyumbani kisitumike kamwe kuchomea dhahabu yenye zebaki, wala kazi hiyo isifanyike jikoni. Mvuke wake hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na hatari ni kubwa zaidi kwa watoto na mama wajawazito. Chombo kilichotumika hivyo kisirudi jikoni hata kikioshwa.

Basi tufanye nini? Tuchague siku moja kila juma, mvulana au msichana apike chakula cha familia nzima, mzazi akiwa karibu kumwelekeza. Ugali ukiwa na madonge, tuule bila kumcheka. Juma lijalo utakuwa bora. Baba naye ashike mwiko mara mojamoja, mvulana amwone. Siku mama atakapougua, wadogo zake hawatalala njaa.