Puto Linalopanda Kupita Mawingu

Mvuvi wa Ujiji au Kibirizi anajua jambo hili: upepo juu ya maji unaweza kwenda huku, na mawingu yakaenda kule. Je, juu zaidi ya mawingu kukoje?

Mwaka 1908 wataalamu wawili kutoka Ujerumani, Arthur Berson na Hermann Elias, walikuja Ziwa Victoria kutafuta jibu. Walirusha maputo ya mpira yaliyobeba vyombo vya kupimia joto na mgandamizo wa hewa. Siku zile vyombo havikuwa na redio. Chombo kilijichorea mistari chenyewe. Kikipotea, basi, kazi yote imepotea.

Sasa tuone puto linavyotengenezwa. Ndani hutiwa gesi nyepesi kuliko hewa, haidrojeni au heliamu. Lakini halijazwi mpaka likakaza. Kwa nini? Kadiri linavyopanda, hewa ya nje inapungua nguvu ya kulibana, na gesi ya ndani inatanuka. Kwenye kilomita 30 mgandamizo wa hewa ni kama sehemu moja tu kwa mia ya ule wa pwani. Puto lililokazwa tangu chini litapasuka mapema.

Na kwenye maji je? Wataalamu wa siku zile walifunga maputo mawili pamoja, na chini yake chelezo. Moja likipasuka huko juu, la pili haliwezi kubeba mzigo wote, hivyo linashuka polepole. Chelezo kikigusa maji, mzigo unapungua, na puto linabaki likielea hewani kama bendera. Meli inalifuata. Wavuvi wenye maboya ya nyavu wataielewa akili hiyo upesi kuliko sisi!

Jibu lilishangaza watu. Karibu kilomita 20 juu ya ikweta, baridi ilipita nyuzi 80 chini ya sifuri, kali kuliko juu ya Ulaya.

Siku hizi kisanduku hutuma vipimo kwa redio, hata kikianguka porini si hasara kubwa. Vipimo hivyo husaidia kutabiri hali ya hewa. Kwa mtu aliye ndani ya mtumbwi usiku, hilo si jambo la mchezo.

Maswali
1. Kwa nini puto halijazwi mpaka likakaze?
2. Chelezo kina kazi gani?
3. Puto likipanda mita 300 kila dakika, litafika kilomita 30 baada ya dakika ngapi?