Hiyo Omeprazole Unaimaliza Lini?

Wadogo zangu, leo naomba kila mmoja afungue pochi yake. Hapo katikati ya kitana, chenji na risiti za juzi, wangapi mmekuta pakiti ya omeprazole iliyobaki nusu? Nilijua. Nikikuuliza ulianza lini, utaniambia "toka kitambo". Ya nini? "Vidonda vya tumbo." Nani kakupima? Hapo sasa kila mtu anaangalia simu yake.

Siku hizi tumbo likijaa gesi kwa maharage, au likichoma kwa njaa, tumeshajipa jina la ugonjwa: vidonda. Unaingia duka la dawa, unatoka na bahasha. Na wanaotuandikia nao wana lao. Umekwenda na mgongo, ukaandikiwa diklofenaki, ikaongezwa omeprazole ya kulinda tumbo. Kwa siku zile huenda ilikuwa sahihi kabisa, hasa kwa mtu mzima. Mgongo ukapona, diklofenaki ikaisha, lakini omeprazole ikabaki. Kila ukirudi inaandikwa tena kwa sababu tu imo kwenye daftari.

Dawa yenyewe sina ugomvi nayo. Ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na imewaponya wengi ambao zamani wangepasuliwa. Yenyewe na ndugu zake, hizo ambazo jina kwenye boksi linaishia na "prazole", huzima pampu ndogondogo za tindikali kwenye ukuta wa tumbo. Ndiyo maana humezwa nusu saa hivi kabla ya kula. Ukisubiri mpaka umalize chapati ya tatu, umeipunguzia nguvu. Kwa kiungulia na vidonda vingi, dozi ni wiki 4 hadi 8, kisha unaangaliwa upya. Ni wiki, mdogo wangu, sijasema miaka.

Tindikali nayo ina kazi zake. Inasaidia mwili kupata vitamini B12 na madini ya chuma, na inaua vijidudu vinavyoingia na chakula. Ukiikandamiza miaka nenda rudi, B12 inaweza kushuka ukaanza kuhisi ganzi miguuni. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu kuvunjika mifupa mwaka 2010, na kuhusu kushuka kwa magnesiamu mwaka 2011. Sikutishi; kwa mtu mmoja mmoja hatari hizi ni ndogo. Ila kwa nini uzibebe kwa dawa usiyoihitaji?

Utanijibu: "Dada, nikiacha tu moto unarudi, kwa hiyo vidonda ninavyo." Sikia hii. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo yao: waliwapa watu wazima wenye afya, wasio na shida yoyote ya tumbo, dawa ya kundi hili kwa wiki 8. Walipoiacha, zaidi ya 4 kati ya 10 walipata kiungulia au tumbo kusumbua. Tumbo lililozuiwa likiachiwa ghafla hutoa tindikali kupita kiasi kwa wiki kadhaa, halafu linatulia. Kwa hiyo usikate ghafla. Ongea na daktari akupunguzie taratibu, na siku likichoma utafune vidonge vya kutuliza asidi.

Kama ni vidonda kweli, tafuta chanzo. Vingi husababishwa na bakteria wa H. pylori au dawa za maumivu. Bakteria huyo anatibiwa kwa antibiotiki pamoja na omeprazole, na dozi inaisha. Kile kipimo cha damu ya kidoleni kinaweza kuendelea kusema unaye hata baada ya kupona, na wengi wamemezeshwa dozi juu ya dozi kwa sababu hiyo. Omba kipimo cha kinyesi au cha pumzi, na uwe umeacha omeprazole wiki 2 kabla, la sivyo majibu yanaweza kukudanganya.

Wapo wasiotakiwa kuacha: aliyewahi kutokwa damu kwenye vidonda, mzee anayetumia aspirini ya moyo au dawa za maumivu kila siku. Nyie msiguse bila daktari. Anayetumia ARV naye amwambie daktari, maana baadhi haziendi pamoja na dawa hizi.

Na ukiona choo cheusi kama lami, ukatapika damu, ukakonda bila sababu, au chakula kikakwama ukimeza, usinunue hata kidonge kimoja. Nenda hospitali. Afrika Mashariki yetu ina wagonjwa wengi wa saratani ya umio, yaani koo la chakula, na dawa ya tindikali inaweza kutuliza maumivu huku ugonjwa ukiendelea.

Kwa hiyo ukiandikiwa, uliza kwa adabu: ya nini, mpaka lini, na nirudi lini? Ukimpeleka bibi kliniki, mbebee dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, uzimwage mezani, muulizie moja baada ya nyingine. Daktari mzuri hatakasirika. Akikasirika, uliza tena.