Kufyonza au Kunasa? Istilahi ya Uondoaji wa Fosfati Majini

Utangulizi

Makala hii inajadili tatizo moja la istilahi: namna ya kueleza kwa Kiswahili uondoaji wa fosfati majini kwa kutumia madini. Mfano wake ni mji wa Garissa, ambako wadi ya Waberi imo, na ambao hutegemea maji ya Mto Tana.

Jambo lenyewe

Fosfati hutoka katika mbolea, samadi na baadhi ya sabuni. Kwa kawaida haimdhuru mnywaji moja kwa moja, bali hurutubisha mwani. Mwani ukisitawi mno katika lambo, maji hunuka, na baadhi ya aina zake hutoa sumu.

Dawa yake haiko mbali. Udongo mwekundu unaochukuliwa na mto una oksidi za chuma na za alumini, nazo huishika fosfati. Shabu nayo, inayotumika kutuliza maji ya tope, hufanya mapande mepesi ya alumini yanayozama na udongo pamoja na fosfati.

Neno lenyewe

Mwandishi wa haraka atasema kwamba madini "hufyonza" fosfati. Lakini pamba inapofyonza maji, maji huingia ndani yake. Fosfati, kwa sehemu kubwa, hubaki juu ya uso wa chembe, mfano wa ndege aliyenaswa kwa ulimbo: yu juu ya tawi, hayumo ndani yake. Kwa hiyo "kunasa" ndicho kitenzi kifaacho, na mchakato wenyewe waweza kuitwa "unasaji".

Tofauti hii si ya maneno matupu. Aliyeambiwa "kufyonza" atatumbukiza bonge la jiwe na kungoja linywe. Aliyeambiwa "kunasa" ataelewa kwa nini jiwe husagwa: kadiri chembe zinavyokuwa ndogo, ndivyo nyuso zinavyoongezeka. Ataelewa pia kwamba uso ukijaa haunasi tena, na kwamba fosfati haikutoweka. Imo katika masimbi. Masimbi hayo yakiachwa chini ya lambo lililokosa hewa, fosfati iliyoshikwa na chuma yaweza kurudi majini.

Hitimisho

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) ilithibitisha kwamba Kiswahili chaweza kubeba sayansi. Kazi iliyobaki kwa mwanafunzi wa Kiswahili ni kulichunguza jambo kabla ya kulipa jina, kwani istilahi mbaya humpotosha mtu aliye kisimani.