SOMO LA AFYA: Macho baada ya miaka 40

Ndugu mfanyakazi, wewe unayechambua kahawa kwenye meza za kuanikia huko Bugendana: umepita miaka 40, na punje mbovu huioni mpaka uisogeze mbali. Hukurogwa, wala si uvivu. Lenzi iliyo ndani ya jicho imekuwa ngumu, haibadiliki tena umbo ili kutazama karibu. Humpata kila mtu, msomi na mkulima.

Tiba ni miwani ya karibu, ya nguvu ya 1 hadi 3 kadiri umri unavyosonga. Haidhoofishi macho, ingawa uvumi huo hauishi. Kuna matone yaliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, lakini nguvu yake huisha baada ya saa chache. Upasuaji upo, ila ni ghali.

Huko Assam, India, wachuma chai 751 walipimwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2018. Waliopewa miwani walizidisha mavuno kwa karibu asilimia 22 kuliko wenzao. Basi kamati ya tawi inapodai glavu na mabuti, na miwani iandikwe humo: anayefaidi kilo hizo ni mwajiri pia.

Jicho likiuma, au likififia ghafla, hilo ni jambo jingine. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.