Acha Kuisingizia Betri! Vidokezo 9 kwa Mwenye Pikapu Kongwe

Umewahi kuamka, mzigo umeshapakiwa, unageuza ufunguo na pikapu inajibu "tik". Tik moja tu, basi. Hapo washauri hawakosekani, na wote wana neno moja: betri imekufa, kanunue nyingine. Taratibu, ndugu! Kwenye Hilux ya miaka ya 1980 na 1990, au Land Cruiser mkonga iliyokula chumvi nyingi, betri huwa ya kwanza kulaumiwa hata pale isipohusika kabisa. Raha ya mengi ya magari haya ni kwamba hayana makompyuta ya kukuzungusha. Nyaya zinaonekana, fyuzi zinahesabika, na vipimo vingi unavimaliza mwenyewe kabla chai haijapoa. Fungua boneti, twende kazi!

1. Anza na spana namba 10

Kabla ya yote, shika kibano cha waya kwenye kichwa cha betri ukizungushe kwa mkono. Kinacheza? Huenda safari yako ya fundi imeishia hapo hapo. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, fungua waya wa hasi kwanza, kisha chanya. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Ukienda kinyume, spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja utaona cheche ambazo hukuzipangia. Yeyusha magadi soda kwenye maji ya moto, hakikisha vifuniko vya betri vimekazwa, mimina kidogo kidogo na usugue kwa mswaki wa zamani. Povu likiisha, suuza, kausha, piga msasa mwepesi, kaza, paka grisi. Tayari!

2. Mita ndogo, majibu makubwa

Mita ya umeme ya bei nafuu ndicho kifaa kitakachokuokolea pesa nyingi kuliko vyote. Iweke kwenye volti za DC, alama ya 20, kisha pima mara tatu.

Mara ya kwanza ni asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Volti 12.6 ni betri iliyoshiba. Volti 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 iko hoi. Usipime mara tu unapofika safari, kwani chaji ya juu juu itakudanganya.

Mara ya pili, mwambie mwenzako apige stata huku wewe ukiangalia mita. Ikiporomoka chini ya 9.6, na betri ilikuwa imeshiba, sasa ndiyo una haki ya kuilaumu betri.

Mara ya tatu, injini ikiunguruma. Unataka kuona kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa na feni ya ndani, kanyaga mafuta kidogo; ikibaki juu ya 13.5, altaneta yako inafanya kazi. Ikikaa 12.3 na kuzidi kushuka, hakuna chaji inayoingia. Na ikipanda zaidi ya 15? Regyuleta imepagawa: maji ya betri yatachemka, harufu ya mayai yaliyooza itasikika, na globu zitaungua moja baada ya nyingine. (Land Cruiser yako ni ile ya betri mbili na mfumo wa volti 24? Zidisha volti zote hizi mara mbili, na mita iweke kwenye alama iliyo juu ya 20.)

3. Huna mita? Tafuta ukuta

Usiku, elekeza taa kubwa ukutani, injini ikiunguruma polepole. Kanyaga mafuta kidogo. Mwanga ukiongezeka kidogo na kutulia, kuna chaji. Ukibaki vile vile, umefifia na una umanjano, altaneta ina la kujibu. Ukizidi kung'aa kila unapokanyaga, rudi kwenye habari ya regyuleta hapo juu.

4. Usichomoe betri gari likiwaka. Tafadhali!

Kipimo hiki kinapendwa sana mitaani: washa gari, chomoa waya wa betri, injini isipozima basi altaneta ni nzima. Enzi za dainamo lilikuwa jambo la kuvumilika. Kwenye altaneta, betri ndiyo inayotuliza umeme. Ukiiondoa ghafla volti zinaruka juu na kuua daiodi. Tena kwa dizeli ya zamani kipimo chenyewe hakisemi kitu, maana injini ile inahitaji umeme kidogo tu wa kushikilia swichi ya mafuta kwenye pampu. Anayekuja na spana huku injini inaunguruma, mshike mkono kwa upole.

5. Sikiliza ile taa nyekundu

Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya betri kwenye dashibodi lazima iwake, kisha izime injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, usishangilie! Kwenye magari mengi ya zamani umeme wa kuiamsha altaneta hupitia kwenye taa hiyo, kwa hiyo globu ya bei ya andazi ikiungua, altaneta inaweza kubaki usingizini siku nzima. Angalia globu, angalia fyuzi. Ukikuta fyuzi imefungwa karatasi ya pakiti ya sigara, itoe leo hii na uweke ya kweli yenye ampia sahihi, kabla nyaya hazijashika moto.

6. Mkanda hautibiwi kwa sabuni

Kile kilio cha "iiiii" cha asubuhi unapowasha taa ni mkanda wa feni unaoteleza kwenye puli. Wapo wanaoupaka sabuni ya mche. Kelele hunyamaza kweli, ila mkanda unaendelea kuteleza kimyakimya. Zima injini, bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili: ukizama kama sentimita moja, safi. Ukizama zaidi, legeza bolti za altaneta, ivute nje, kaza. Usiukaze mpaka ulie kwa uchungu, utaua beringi. Ukiwa umepasuka au unang'aa upande wa ndani, badilisha tu.

7. Ethi, ethi, ethi

Kama kuna kidokezo kimoja cha kukata na kubandika kwenye dashibodi, ni hiki. Injini ya pikapu imekalia raba, bodi nayo imekalia raba, na umeme unaotoka betri lazima urudi betri. Njia yake ya kurudi ni waya wa ethi, ule msuko uliojificha chini, uliojaa matope na oili, ambao hakuna anayeukumbuka. Ukishika kutu, mambo ya ajabu huanza. Unawasha indiketa ya kushoto na taa za nyuma zote zinacheza. Unakanyaga breki na taa ya namba inafifia. Unapiga stata na waya wa mafuta unakuwa wa moto, kwa sababu umeme umekosa barabara ukapita uchochoroni.

Kipimo chake ni rahisi ajabu. Chukua waya mmoja wa kubustia, unganisha hasi ya betri na chuma kitupu cha injini, kisha piga stata. Ikizunguka kwa nguvu ghafla, mkosaji umempata. Mwenye mita aweke ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye injini wakati stata inapigwa: ikizidi nusu volti, hakuna mjadala. Fungua bolti, sugua mpaka chuma king'ae, rudisha, kaza. Ukiwa huko huko, fanya hivyo na ethi ya taa za nyuma chini ya bodi ya mizigo. Gharama yake? Msasa na jasho.

8. Gari zima jioni, asubuhi hoi

Gari linachaji vizuri lakini likilala linaamka limekufa? Kuna kitu kinakunywa umeme usiku. Hila ya kwanza haihitaji kifaa: asubuhi, kabla ya kuwasha, gusa altaneta kwa kiganja. Injini yote ya baridi na yenyewe ina joto? Daiodi inavujisha.

Ikiwa baridi, zima kila kitu, fungua hasi, weka mita ya ampia (tundu la 10A) kati ya waya na kichwa cha betri. Kwa pikapu ya zamani, zaidi ya ampia 0.05 ni nyingi. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Hapo ndipo penye mnywaji. Usipige stata mita ikiwa hapo, utaiunguza! Na tuwe wakweli: mara nyingi ni ule muziki uliofungwa na kijana wa mtaani, waya moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi wala swichi. Kwa hiyo namba isiposhuka kwa fyuzi yoyote, chomoa waya huo.

9. Kabla hujanunua altaneta

Vipimo vyote vinaielekezea kidole altaneta? Bado usifungue pochi. Fungua swichi bila kuwasha injini, sogeza bisibisi ya chuma karibu na beringi ya nyuma ya altaneta. Ikivutwa, umeme unafika kwenye koili ya ndani. Isipovutwa, ama umeme haufiki, au brashi za kaboni zimeisha. Brashi mpya hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya altaneta nzima, na fundi umeme anazifunga mchana huo huo.

Ikibidi ununue, iwe Gerezani ya Dar es Salaam au Grogan ya Nairobi, nenda na ile ya zamani mkononi. Kwenye Hilux nyingi za dizeli, zile za injini ya 2L na 3L, nyuma ya altaneta kuna pampu ya vakyumu inayosaidia breki. Ukiuziwa isiyo na pampu, taa zitawaka vizuri na breki zitakuwa ngumu, na hapo hatuzungumzii tena umeme bali maisha yako. Tazama pia kama pampu ya zamani inavujisha oili kuelekea ndani. Oili hiyo huua brashi, na itaziua mpya pia.

Ukimfikia fundi, mkabidhi namba zako tatu kwenye karatasi: ya asubuhi, ya stata, ya injini ikiunguruma. Kazi ikiisha, washa taa kubwa, weka mita mwenyewe, na ulipe ukishaiona 14.