Saratani ya Ini na Sababu Zake

Ndugu yetu Mwislamu,

Ni mara ngapi tumesikia mitaani mwetu ya kuwa fulani, naye bado kijana, amevimba tumbo, amekonda mwili na macho yamegeuka manjano, kisha watu wakanong'onezana kuwa amerogwa? Hufungwa hirizi, huchanjwa chale, hupungwa pepo, na siku zake zikapita bure. Maradhi hayo huenda yakawa saratani ya ini, na sababu zake zajulikana.

Ya kwanza, nayo ni kubwa kwetu Afrika, ni virusi vya hepataitisi B. Hivi hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na kwa mama kumwambukiza mwanawe wakati wa kuzaa. Katika watoto wachanga 100 walioambukizwa, kiasi cha 90 hubaki navyo. Watu wazima hawazidi 5. Virusi hulila ini kimya kwa miaka mingi mpaka likawa makovu, na hapo mara nyingi saratani huzuka. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa Afrika ni watu wa miaka 30 au 40 na kitu, hali Ulaya ni wazee. Na wanaume hupatwa zaidi kuliko wanawake, mara mbili au tatu.

Ya pili ni sumu ya kuvu katika mahindi na njugu zilizowekwa na unyevu. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, mahindi hayo yaliua watu 125. Hao walikula sumu nyingi kwa mara moja. Ile ya kidogo kidogo huleta saratani, na moto wa jikoni hauiondoi. Basi mfanyabiashara achanganyaye mahindi yaliyovunda na mazima ajue kuwa hakughushi mali tu, bali amekhini roho za watu.

Ya tatu ni pombe, aliyotuharamishia Mola wetu. Lakini asiyekunywa asijione amesalimika: hepataitisi C, unene uliopita kiasi na ugonjwa wa sukari pia huliharibu ini.

Tufanyeje basi? Watoto wetu wapelekwe kuchanjwa. Chanjo hii hutolewa Kenya tangu mwaka 2001. Aliyezaliwa kabla ya hapo na apimwe damu. Wembe wa chale, wa tohara na wa kupigia chuku usipite kwa watu wawili. Chuku ni sunna. Wembe wenye damu ya mwengine si sunna. Wala tusimtenge mwenye virusi: havipiti kwa kupeana mikono wala kula sahani moja.

Kumtegemea Mwenyezi Mungu si kuziacha sababu Alizoziweka. Anayemzuia mgonjwa asende kwa tabibu, akamuuzia hirizi, ataulizwa kesho kwa nini alimpotezea wakati wake.

Wabillahi tawfiq.