Kadi yako imepigwa picha: uliza inaenda wapi

Hapa Kilembwe, katika Fizi, mashariki mwa Kongo, ni vigumu kupata laini ya simu bila kadi ya mpiga kura. Muuzaji anaichukua ile kadi ya CENI, tume ya uchaguzi, mara nyingi anaipiga picha kwa simu yake mwenyewe, anaandika jina lako na la kijiji chako kwenye daftari, kisha anakurudishia. Kwa kuwa raia walio wengi hawajapata kitambulisho cha taifa, kadi hiyo ndiyo inayotutambulisha kwa kampuni za simu, kwenye kabini za kutuma pesa na hata barabarani. Ila picha imebaki kwake.

"Mimi mchimba dhahabu tu, nina siri gani?" Huna siri, sawa, lakini jina unalo. Mwenye picha ya kadi yako anaweza kusajili laini nyingine kwa jina lako. Laini hiyo ikitumika kuwaibia watu pesa za M-Pesa au Airtel Money, OPJ, yaani polisi mpelelezi, atakuita wewe, na kujisafisha kutakugharimu siku za kazi na nauli.

Sheria iko upande wako. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 31, inalinda maisha yako ya binafsi na siri ya mawasiliano yako. Halafu kuna Code du numérique, yaani Amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023. Hiyo inamtaka anayekusanya habari zako akueleze ni za kazi gani, na asizitumie kwa kazi nyingine. Una haki ya kuziona, kusahihisha zenye makosa, kukataa zisitumike, na kuomba zifutwe. Kusajili laini ni lazima, hapo hatubishani; lakini wajibu wa kusajili haumpi muuzaji ruhusa ya kutunza kadi yako kwenye simu yake. Mwambie aifute mbele yako.

Na habari zetu hazichukuliwi na wauzaji tu. Mwaka 2020 serikali ilianza kutoza RAM, ile kodi ya simu iliyokula uniti zetu hadi ikafutwa 2022. Tulilalamika sana juu ya uniti, na tulikuwa na haki. Wachache waliuliza namba za simu zetu, zile zinazotokea ukibonyeza *#06#, zinatunzwa na nani. Mimi naona swali hilo lilikuwa kubwa kuliko uniti.

Jambo linalonisumbua zaidi katika Fizi ni orodha. Waliowahi kukimbilia Nyarugusu, kule Tanzania, wanajua: bila jina kwenye orodha hakuna chakula. Leo pia, vita vikihamisha watu, mashirika yanaandika majina, idadi ya watoto, wakati mwingine alama za vidole. Mama mwenye njaa hawezi kukataa, na simshauri akatae. Aulize tu: orodha hii itaonwa na nani? Ikiwa kuna safu ya kabila, aulize kwa nini ipo. Code du numérique inaziwekea ulinzi wa pekee habari za kabila, afya na siasa, na katika eneo ambamo watu wameuawa kwa sababu ya kabila lao, orodha ya namna hiyo ikitumwa kwenye kikundi cha WhatsApp inaweza kumwonyesha muuaji nyumba ya kuingia. Shefu wa kijiji akiwa nayo, naye asiisambaze.

Hospitalini sheria iko wazi zaidi. Kanuni ya adhabu, kifungu cha 73, inamtishia jela ya mwezi 1 hadi 6 daktari, mkunga au mtu mwingine anayetoa siri aliyoipata kwa kazi yake. Majibu ya kipimo cha UKIMWI yana pia sheria yao, ya tarehe 14 Julai 2008.

Kwenye vizuizi vya barabarani, kifungu cha 31 cha Katiba bado kinafanya kazi: askari hawezi kufungua WhatsApp yako kwa kutaka tu, mpaka sheria iwe imemruhusu. Lakini mbele ya bunduki usianze kusoma katiba. Jiandae kabla ya safari. Toka katika vikundi vinavyorusha picha za vita na sauti za kutukana kabila fulani. Kuchochea chuki ya kikabila ni kosa tangu sheria ya tarehe 7 Juni 1966, na sauti uliyotumiwa na mwingine nayo imo ndani ya simu yako.

Ukigundua laini usiyoijua imesajiliwa kwa jina lako, iandikie kampuni barua, nakala mbili: jina, namba yako halisi, namba unayoikana, na ombi la kuifunga. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Wakikaa kimya, peleka nakala hiyo kwa ARPTC, mamlaka inayosimamia kampuni za simu. Kama pesa zimeibwa, usisubiri jibu la ARPTC kutoka Kinshasa. Fungua mashtaka parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, ukiwa na ujumbe wote wa simu. Usiufute hata mmoja.